Tupeane uzoefu: kumwingiza mtoto wa paka katika nyumba yenye paka wa siku nyingi

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Ninaomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo wengi hulichukulia jepesi mpaka liwafike, nalo ni kumleta mtoto wa paka katika nyumba ambayo tayari ina paka aliyezoea kuwa peke yake. Nitaanza na kisa changu, ambacho hakinipi sifa.

Ninaishi Michenzani, ghorofa ya tatu, pamoja na mama yangu na paka jike wa miaka 9. Mwezi uliopita mjomba wangu alishuka bandarini Malindi akitokea Mkoani, mkono mmoja ameshika pakacha la machungwa na mkono wa pili kikapu kilichofunikwa kanga, na ndani ya kikapu alikuwamo mtoto wa paka wa kiasi cha miezi 2. Kwa furaha nilimtoa nikamweka juu ya mkeka, mbele ya mwenye nyumba yake. Bibi mkubwa alijifutua manyoya, akafoka, akampiga kofi moja, kisha akapanda juu ya kabati na kukaa huko siku nzima akikataa hata kibua cha kuchemsha. Siku ya tatu akakojoa juu ya msala wa mama. Mama, ambaye siku zote hutukumbusha kwamba paka si najisi kwa kuwa ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani, aliniita akaniambia kwa upole ulionitia hofu: "Mwanangu, mate yake hayana neno, mkojo wake una neno." Basi nilikosea wapi, na wenzangu mlifanyaje?

Kutoka Wete, Pemba:

Dada yangu, ulikosea pale ulipomtoa kikapuni mbele ya mwenzake. Paka humjua mwenziwe kwa pua kwanza, na mgeni wako alifika akinuka bandari, boti na machungwa. Nilipomleta wa kwangu nilimweka katika chumba cha stoo kwa siku 12, akiwa na chakula chake, maji yake na sanduku lake la vumbi la mbao nililolipata kwa seremala. Kila asubuhi nilichukua kitambaa laini, nikamsugua mashavuni, kwa sababu harufu anayojitambulisha nayo paka hutoka hapo, kisha nikakiweka kitambaa hicho karibu na sahani ya yule mkubwa. Na cha mkubwa nikakipeleka stoo. Siku za mwanzo mkubwa alikifokea kitambaa kana kwamba kimemtukana. Siku ya saba alikilalia.

Mama mkwe wangu hakupendezwa. Alinikumbusha hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia. Nilimjibu kwa heshima zote kwamba yule mwanamke alimfungia paka bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie, ilhali huyu wangu anakula mara 4 kwa siku na kila jioni ninakaa naye nikimchezesha kwa kamba ya ukindu. Akanyamaza, lakini tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiingia stoo alfajiri kuhakikisha.

Kutoka Makunduchi:

Kwetu shamba hatufungi mtu. Nilimwacha uwani, mkubwa akahamia juu ya mfenesi, na baada ya wiki 3 wakawa wanapishana njia moja bila ya ugomvi. Ila ninakiri kwamba uwa wangu ni mpana na mfenesi wangu ni mrefu. Ghorofani ningefikiri upya.

Kutoka Mkunazini, Mji Mkongwe:

Wa kwangu ni paka dume wa miaka 6 ambaye maisha yake yote amekuwa akipigana na mashume wa vichochoroni kupitia dirishani, kwa hiyo kwake kila mgeni alikuwa adui. Baada ya hatua ya vitambaa aliyoieleza ndugu yetu wa Wete, niliwalisha pande 2 za mlango uliofungwa. Mwanzo sahani ya mkubwa ilikuwa hatua 6 kutoka mlangoni, nami nikaisogeza kidogo kila siku; siku aliyonguruma niliirudisha nyuma na sikusogeza tena mpaka atulie. Kusudi ni azoee kwamba harufu ya yule mdogo huja pamoja na vichwa vya samaki. Baadaye fundi alinitengenezea fremu ya waya wa dirisha, nikaisimamisha mlangoni ili waonane bila ya kufikiana.

Nilipoiondoa fremu ile, sikuwaacha peke yao kwa muda wa wiki 2. Jambo ambalo lingenisaidia sana kama ningelijua mapema ni kwamba kufoka si vita. Mkubwa anapofoka au kupiga kofi kwa kucha zilizofichwa, anamfundisha mdogo mipaka, na ukiingilia kila mara somo halimaliziki. Wanapofukuzana kwa zamu, kimya kimya, huo ni mchezo. Lakini ukiona masikio yamelazwa, mmoja daima ndiye anayekimbia, na sauti zimekuwa za kilio, watenganishe kwa kutia mto au ubao kati yao, wala usitie mkono wako. Mimi nilitia, na kovu ninalo hadi leo. Tena mkubwa lazima awe na mahali pa juu asipoweza kufikiwa, na sahani zisiwe pamoja. Kuhusu mahali pa kujisaidia, kanuni inayofuatwa ni paka 2 kwa masanduku 3. Msala wa mama, dada yangu, ulikuwa sanduku la tatu ambalo hukuliweka.

Kutoka Jang'ombe:

Niruhusuni nieleze kisa kichungu, kwa kuwa wote mmezungumzia tabia na hakuna aliyegusia maradhi. Niliokota mtoto wa paka sokoni, nikamweka pamoja na paka wangu siku ile ile. Siku ya pili akaanza kutapika na kuharisha, na siku ya nne akafa. Nilisikitika, nikafagia, nikapiga deki kwa sabuni, na baada ya mwezi mmoja nikaleta mwingine. Naye akafa vilevile. Ndipo daktari wa mifugo aliponieleza kwamba kuna kirusi cha paka kinachoshambulia matumbo na chembe za damu, ambacho huweza kubaki ndani ya nyumba hadi mwaka mzima, na sabuni ya kawaida haikiui. Kukiua kunahitaji maji ya klorini. Mkubwa wangu alinusurika kwa sababu alikuwa amechanjwa.

Kwa hiyo chumba cha peke yake si kwa ajili ya adabu tu. Katika siku hizo mpeleke mdogo akachanjwe, apewe dawa ya minyoo, atazamwe viroboto. Na akipata homa msimpe panadol, hata kipande, kwani ni sumu kwa paka.

Mimi tena, wa Michenzani:

Shukrani zisizo na kipimo. Nilianza upya kana kwamba mgeni hajafika: nilimhamishia chumbani kwangu, nikampeleka kwa daktari, nikafanya ya vitambaa na ya mlango, na kazi yote ilichukua siku 26, ambazo ndani yake nilirudi nyuma mara 2. Yule jike mkubwa mwenyewe nilimpeleka pia, kwa sababu daktari aliniambia kwamba paka mzima anayekojoa ovyo huenda ana maradhi ya kibofu, wala si hasira peke yake. Kwa rehema za Mungu hakuwa nayo.

Hawajawa marafiki, na sidhani kwamba watakuwa. Wakati wa magharibi hukaa kwenye mkeka mmoja, huyu ncha hii na yule ncha ile, na mdogo akisogea zaidi ya shubiri moja hufokewa akarudi mahali pake. Kibua kinaliwa. Msala wa mama sasa hutundikwa msumarini.