Embe zafika Lamu zimepondeka: gunia au kreti?

MuuzaNgowe
Asalaam aleikum. Nauza maembe aina ya ngowe na mchicha Lamu mjini. Mzigo watoka Mpeketoni kwa gari hadi Mokowe, kisha mashua. Juzi nimefungua gunia, maembe ya chini yamekuwa uji, na ya juu yana michirizi myeusi kama yamemwagiwa chai. Mchicha nilioufunga kikiki kwenye nailoni umetoka unanuka. Nyinyi mwafungaje?

Pakacha
Waleikum salaam. Gunia ni la mahindi, dada! Embe lataka kreti yenye matundu, tabaka mbili tu, gazeti katikati. Hiyo michirizi ni utomvu. Chuma embe na kikonyo kirefu, ukikate baadaye, uligeuze kichwa chini utomvu udondoke kabla ya kupakia.

BiMchicha
Mboga hupumua hata ikishang'olewa. Ukiziba nailoni, jasho lake lenyewe ndilo laiozesha. Mimi husimamisha mafungu kwenye pakacha, shina chini, nikafunika gunia la katani nililolowesha na kulikamua. Usiweke karibu na ndizi mbivu: zatoa gesi ya ethilini, majani yageuka njano upesi.

MuuzaNgowe
Ahsanteni. Kreti nitaazima kwa mwenye mkate. Ila nahodha atalalamika zamlia nafasi.

Pakacha
Nahodha gani asiyelalamika? Mwonyeshe zapandana. Na uzifunike turubai, lakini uache upepo upite pembeni.