Corona ya 2020 Mombasa: nyumba mliiendeshaje? Tupeane uzoefu

Bint Kisauni:
Ndugu zangu, tuandike tulivyoishi mwaka ule, hasa mambo ya ndani: kodi, unga, madeni. Mume wangu alikuwa mpishi hotelini Bamburi. Ndege za kimataifa ziliposimamishwa Machi, wageni walikwisha, naye akapewa likizo bila malipo. Tukala akiba, kisha tukauza friji. Mwenye nyumba alikubali nusu ya kodi, nusu akaiandika deni. Deni lile tumelilipa hadi 2022. Nyinyi je?

Kondakta wa Likoni:
Pole dada. Sisi tuliambiwa matatu ya watu 14 ibebe 8. Nauli ikapanda, abiria wakaamua kutembea. Kafyu nayo saa moja jioni, na jioni ndipo tulipokuwa tukipata pesa, watu wakishuka feri. Tajiri akishachukua hesabu yake na mafuta yakitoka, mkononi hakubaki kitu. Nyumbani ikawa mafuta ya kupima, sukari ya kupima. Kununua hivyo ni ghali kuliko pakiti, lakini pakiti utainunua na nini?

Mama wa Kibokoni:
Mimi huuza viazi karai na kaimati, na Ramadhani ndiyo msimu wangu. Tarehe 6 Mei, katikati ya mfungo, Mji wa Kale ukafungwa, hatoki mtu haingii mtu. Unga wa ngano nilikuwa nimeshauchukua kwa mkopo. Wateja wangu wengi ni wa kutoka nje ya mtaa, wakakatika siku moja. Majirani walinisitiri wallahi: mwenye samaki alinipa samaki, nami nikampeleka mahamri ya daku. Baadaye nikauza bangili zangu za harusi kulipa ule unga. Aliyenunua alijua nina shida, akanibana bei. Hilo laniuma mpaka leo, kuliko njaa yenyewe.

Mjane wa Changamwe:
Chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu kilivunjika yangu haijafika. Siwalaumu wenzangu, hawakuwa nacho. Kilichonimaliza ni mikopo ya simu: nakopa huku nilipe kule, na riba inakula hela ya chakula cha watoto.

Bint Kisauni:
Mama wa Kibokoni, pole sana. Bado wauza?

Mama wa Kibokoni:
Nauza, alhamdulillahi. Unga sasa nanunua mfuko mmoja mmoja kwa pesa taslimu, hata Ramadhani.

Bint Kisauni:
Vibarua wa bandarini na wachuuzi wa Kongowea, hamjasema bado.