Mwanangu anauliza: aliyekuwa achinjwe ni Ismail au Isaka? Naombeni ushauri

MamaWawili
Ndugu zangu, habari za jioni. Naombeni ushauri, na tafadhali tusigombane, maana hili limeingia ndani ya nyumba yangu.

Mimi Mkristo, mume wangu Mwislamu, tunaishi Tanga. Idd el-Hajj tulikuwa kwa mama mkwe. Mwanangu wa miaka tisa alipewa ashike kamba ya mbuzi huku baba yake mdogo akichimba shimo la damu. Mbuzi alipolazwa kuelekea kibla, bibi alimvuta mjukuu wake jamvini akamsimulia: Nabii Ibrahim aliota anamchinja Ismail, mtoto akaridhia, Mungu akaleta kondoo badala yake. Nyama ilipogawiwa kwa majirani yeye ndiye aliyebeba sahani, na kila mlango anakieleza kisa.

Jumapili, mwalimu wa watoto kanisani akauliza Ibrahimu aliambiwa amtoe nani sadaka. Wangu akanyoosha mkono: "Ismail!" Akaambiwa mbele ya wenzake kwamba huo ni uongo. Amerudi kimya. Usiku akaniuliza, "Mama, bibi ni mwongo?"

Leo siku ya tatu sijamjibu. Sitaki amwone bibi yake mwongo, wala aione Biblia ya uongo. Nimwambie nini?

Mswahili wa Pangani
Pole sana dada. Mtoto hakustahili kuaibishwa vile.

Nimefundisha madrasa miaka mingi, nikupe ninachokijua. Kisa kiko sura As-Saffat, kuanzia aya ya 100, na jina la mtoto halikutajwa pale. Wengi wetu tunasema ni Ismail kwa sababu kisa kikishakwisha, aya ya 112 inaleta bishara ya Is-haka, kwa hiyo yule wa kwanza ni mwingine. Lakini wafasiri wa kale walitofautiana. Tabari aliona ni Is-haka, Ibn Kathir akasimama imara kwa Ismail. Bibi amesimulia kile ambacho Waislamu wengi wamekipokea kizazi kwa kizazi. Huo si uongo hata kidogo.

Tena kuna kitu mtoto atakipenda. Ndani ya Qur'ani, Ibrahim hakumkamata mwanawe kimyakimya. Alimweleza ndoto, akamuuliza yeye anaonaje. Mtoto ndiye akamwambia baba yake atende alivyoamrishwa. Mimi kila nikifika hapo sauti inanikwama.

Mzee wa Usharika
Bwana Yesu asifiwe mama. Nitasema bila kuzunguka: kwangu mimi ni Isaka. Mwanzo 22 inamtaja kwa jina. Ila mwalimu yule alikosea kumwita mtoto mwongo, na ningekuwa karibu ningeongea naye.

Ombi langu moja: usimwambie mtoto kwamba hadithi ni ileile, yamebadilika majina tu. Mtoto wa miaka tisa ataona unamkwepa. Sisi tukimwona Isaka amejitwika kuni akipanda mlima, tunamwona Kristo na msalaba wake. Waebrania 11 inasema Ibrahimu aliamini Mungu aweza kumfufua mwanawe hata akifa. Ndiyo maana wenzetu Wakatoliki wana somo hili kwenye mkesha wa Pasaka. Kwa Mwislamu, kisa hakiendi huko.

Mswahili wa Pangani
Kweli mzee, hakiendi huko. Kwetu kinaishia kwenye kujisalimisha. Sura Al-Hajj aya ya 37 inasema nyama na damu hazimfikii Mungu, kinachomfikia ni ucha Mungu wenu. Sahani aliyobeba yule mtoto ndiyo darasa lenyewe.

Kijana wa Ngamiani
Lakini Biblia yenyewe inasema "mwana wa pekee". Ismail alizaliwa Ibrahim akiwa na miaka 86, Isaka akiwa na 100. Isaka alikuwa wa pekee lini?

Mzee wa Usharika
Mwanzo sura ya 21, Hajiri na mwanawe Ismail walikwishaondoshwa, kijana wangu. Aliyebaki nyumbani ni mmoja. Ila tumwachie mama uzi wake.

Jirani wa Mbale
Niko Mbale, Uganda, karibu na Abayudaya, Wayahudi wa huku kwetu. Naongeza upande wao kwa sababu kitabu hicho cha Mwanzo ni chao kwanza.

Wao hawasemi "sadaka ya Isaka". Wanasema Akeda, yaani kufungwa kwa Isaka, kwa sababu alifungwa juu ya kuni na hakuchinjwa. Husomwa siku ya pili ya mwaka wao mpya, Rosh Hashana, na baragumu linalopulizwa siku hizo ni la pembe ya kondoo, ukumbusho wa yule aliyenaswa kichakani. Na marabi wana simulizi kwamba Isaka alikuwa mtu mzima wa miaka 37, akakubali mwenyewe.

Mama, mwonyeshe mtoto na Mwanzo 25:9. Ibrahimu alipofariki, Isaka na Ishmaeli walimzika pamoja, pango la Makpela, Hebroni.

MamaWawili
Asanteni mno, Mungu awabariki. Nimemjibu jana usiku. Nimemwambia bibi si mwongo na Biblia si ya uongo. Kwa bibi ni Ismail, kanisani ni Isaka, na mama anaamini Isaka. Nikamwambia pia kwamba watu wazima wenye elimu wamelitafuta jibu hili miaka mingi. Alitulia. Kwa mwalimu nitakwenda mwenyewe, kwa upole.

Kisha nikamsomea ile ya pangoni. Akaketi kitandani: "Mama, Ismail alikuwa mbali. Nani alimpelekea habari kwamba baba yao amekufa?"

Nimemwambia sijui. Amesema Ijumaa tukienda kwa bibi atamuuliza yeye.