Amelikata neno langu kwa kalamu nyekundu mbele ya watu 12

Wakuu, ninaandika huku mikono ikinitetemeka. Yule bwana anayenisahihisha Kiingereza amerudia tena, na safari hii amevuka mpaka. Katika barua ya Kiingereza ya kumpendekeza msuluhishi wa mgogoro wa mkataba, niliandika kwamba mtu huyo ni "disinterested", yaani hana maslahi kwa upande wowote, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya msuluhishi. Bwana yule akaisoma barua kwa sauti kikaoni, akacheka hadi miwani ikamdondoka, akauliza ni nani aliyetutafutia msuluhishi asiyejali kesi, kisha akachomoa kalamu nyekundu, akalikata neno langu mbele ya watu 12 na kuandika juu yake "very interested".

Mnaelewa alichokifanya? Katika lugha ya mikataba, aliye "interested" ni yule mwenye maslahi yake katika shauri. Barua imekwenda kwa upande wa pili ikiwaambia kwamba msuluhishi tunayemtaka ana lake jambo! Nami nilikaa kimya nikiitazama ile kalamu, yenye wino wa kutosha kuigeuza rangi Bahari ya Hindi.

Ninafahamu kwamba lugha hubadilika. Lakini wa kutojali tayari wana neno lao, "uninterested". Kwa nini waje kulinyang'anya langu? Tena kwa kalamu nyekundu, wakuu. Nyekundu!

KidagaaMkavu: Pole, mkuu, ila yule bwana ana shahidi mzito. Maana ya kutojali ndiyo iliyotangulia kuandikwa; mshairi John Donne aliitumia mwanzoni mwa karne ya 17, na hii unayoililia ilifuata baadaye katika karne hiyohiyo. Mzushi ni wewe.

Mleta uzi: Donne hakuwa akimpendekeza msuluhishi, wala hakunikatia neno kwa kalamu nyekundu mbele ya watu 12.

BintiWaMrima: Mleta uzi akitaka maana za kale, basi asishukuru tena anapoitwa "nice", kwa kuwa neno hilo lina asili ya Kilatini "nescius", asiyejua, na Waingereza wa karne ya 14 walilitumia kumwita mtu mjinga.

MzeeWaKuranda: Hayo ni madogo. Kinachoniumiza mimi ni "decimate". Katika jeshi la Kirumi, kikosi kilichoasi kilipigishwa kura, na katika kila askari 10 mmoja aliuawa na wenzake. Leo mafuriko yakizoa kijiji kizima, kisibaki hata kibanda cha kuku, mtangazaji anatumia neno hilohilo. Wale 9 wamekwenda wapi?

TausiMweupe: Na "literally", yaani "kwa maana halisi", je? Kamusi kubwa ya Oxford iliyaingiza matumizi yake ya kutia chumvi mwaka 2011, na magazeti ya Uingereza yakaja kushtuka mwaka 2013. Jana mpwa wangu aliniapia kwa neno hilo kwamba amekufa kwa njaa, nami nikamuuliza ni nani basi anayezungumza nami.

KidagaaMkavu: Dada, Waingereza wamelitumia hivyo tangu karne ya 18. Mpe mtoto chakula.

Mleta uzi: Ndugu zangu, ninaomba turudi kwenye kalamu nyekundu.

MzeeWaKuranda: Kwanza nijibiwe kuhusu wale 9.