Lau BMW Sauber wasingaliupa kisogo msimu wa 2008, je, Kubica angalikuwa bingwa?

Mwana wa Kikwajuni:

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Sisi tunaofuatilia mbio za langalanga hapa Unguja tu wachache, na pengine ndiyo sababu mjadala mmoja ukishaanza hauishi. Msimu wa 2008 unakumbukwa na wengi kwa kona zile za mwisho za Interlagos kule Brazili, pale Lewis Hamilton alipompita Timo Glock, akamaliza wa tano na kumkosesha Felipe Massa ubingwa kwa pointi moja tu, 98 kwa 97. Swali langu halimhusu yeyote kati ya hao wawili. Linamhusu Robert Kubica, ambaye tarehe 8 Juni mwaka huo alishinda mjini Montreal, mwenzake Nick Heidfeld akaja wa pili, na baada ya mbio hizo akawa ndiye anayeongoza msimamo wa madereva kwa pointi 42, huku Hamilton na Massa wakiwa na 38 kila mmoja na Kimi Räikkönen akiwa na 35.

Timu yake ya BMW Sauber, iliyokuwa chini ya Mario Theissen, ilikuwa imejipangia safari ya ngazi kwa ngazi, kwamba mwaka 2008 uwe wa kupata ushindi wa kwanza na mwaka 2009 uwe wa kuwania ubingwa. Ushindi ulipopatikana Montreal, waliuhesabu kuwa lengo la mwaka limetimia, na nguvu kubwa ya wahandisi ikahamishiwa kwenye gari la mwaka uliofuata. Kubica mwenyewe hakuificha hasira yake.

Tazameni hesabu inavyosema. Katika mbio saba za mwanzo, Kubica alikusanya pointi 42, yaani wastani wa sita kwa kila mbio. Katika mbio kumi na moja zilizobaki alikusanya 33, yaani wastani wa tatu. Alimaliza na 75, pungufu ya Hamilton kwa pointi 23, na pengo hilo ukiligawa kwa mbio kumi na moja ni kama pointi mbili tu na ushei kwa kila mbio. Je, pointi mbili hizo zisingalipatikana lau wakubwa wa timu wangaliendelea kulihudumia gari lililokuwa limeshawafikisha kileleni? Naomba mnijibu kwa hoja na si kwa mapenzi ya dereva.

Fundi wa Mwanakwerekwe:

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Hesabu yako ni sahihi, lakini imewaacha watu wa karakana nje ya mlango. Kanuni za 2009 hazikuwa marekebisho madogo. Bawa la mbele lilipanuliwa, la nyuma likafanywa jembamba na kunyanyuliwa juu, matairi yasiyo na mifereji yakarejeshwa, na timu zikaruhusiwa kutumia mfumo wa kukusanya nguvu inayopotea wakati wa kufunga breki ili dereva aitumie kuongeza kasi. Karibu kila kitu kilitakiwa kuchorwa upya, na kila saa ambayo mhandisi anaitumia kwenye gari la mwaka huu ni saa iliyokatwa kwenye gari la mwaka ujao.

Ushahidi kwamba uamuzi wa namna hiyo unaweza kulipa upo, na ulitoka kwa Honda. Mwaka 2008 Honda walimaliza wa tisa wakiwa na pointi 14, wakalitelekeza gari lao mapema na kuelekeza macho yao kwenye 2009. Mwezi Disemba kampuni ikatangaza kujitoa, Ross Brawn na wenzake wakaichukua timu, wakatia injini ya Mercedes, na gari lile lile lililoandaliwa kwa subira likashinda mbio nane kati ya kumi na saba, sita kwa Jenson Button na mbili kwa Rubens Barrichello, pamoja na ubingwa wa dereva na wa timu.

Kwa hiyo mimi siwalaumu BMW kwa kugeuka mapema. Nawalaumu kwa walichokifanya baada ya kugeuka. Walikuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa ule mfumo wa kukusanya nguvu za breki, ilhali uzito wake ulimbana zaidi dereva mrefu, na Kubica ni mrefu. Pia hawakuigundua ile njia ya kupitisha hewa chini ya sehemu ya nyuma ya gari, ambayo Brawn, Toyota na Williams walianza nayo msimu na ambayo mahakama ya rufaa ya FIA, shirikisho la kimataifa la magari, ilikaa mjini Paris mwezi Aprili 2009 na kuihalalisha. Matokeo yake walimaliza wa sita wakiwa na pointi 36, na mwezi Julai wakatangaza kwamba wanaondoka. Honda walikuwa wa tisa, hawakuwa na cha kupoteza. BMW waliuza ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa ili wanunue ndama ambaye hawajamwona.

Bi Mkunazini:

Nashukuru kwa maelezo ya Fundi, ila naona tuangalie na jambo la matangazo, kwa sababu sehemu kubwa ya tunachokikumbuka kuhusu 2008 ni kile tulichooneshwa. Mbio zile za Kanada zilianza saa mbili usiku kwa saa zetu, na usiku huo Unguja yote ilikuwa haina umeme wa gridi, kwani ulikatika tarehe 21 Mei na haukurudi hadi tarehe 18 Juni. Aliyeshuhudia Kubica akishinda ni yule mwenye jenereta, mwenye mafuta ya kulitia, na mwenye king'amuzi kilicholipiwa, na watu wa aina hiyo aghalabu walikuwa wanatumia mafuta hayo kulinda samaki kwenye mafriza. Wengi wetu tulilisikia jina la mshindi kesho yake, kwa mstari mmoja wa habari za michezo.

Mbio za mwisho za Brazili, tarehe 2 Novemba, nazo zilianza saa mbili usiku, lakini umeme ulikuwepo. Ndiyo maana kila mtu hapa anaweza kukusimulia habari za Hamilton na Glock kana kwamba alikuwa amekaa jukwaani Interlagos, ilhali habari za Montreal anazisimulia kwa kuokoteza. Na hata kwa waliobahatika kuona mbio zote, kamera na watangazaji walishachagua hadithi yao kufikia mwezi Agosti: McLaren ya Hamilton dhidi ya Ferrari ya Massa. Dereva anayemaliza wa tatu kwa utulivu, kama Kubica alivyofanya Valencia na Monza, haoneshwi isipokuwa anapopitwa au anapoingia kubadilisha matairi. Nani anakumbuka kwamba zikiwa zimebaki mbio mbili, baada ya zile za Fuji kule Japani, bado alikuwa na nafasi ya kimahesabu?

Simaanishi kwamba televisheni ndiyo iliyomnyima ubingwa. Ninachosema ni kwamba swali la ndugu wa Kikwajuni linaonekana geni kwa sababu hatukumzoea Kubica kama mgombea, na hatukumzoea kwa sababu hatukuoneshwa.

Mpemba wa Wete:

Dada yangu wa Mkunazini, hayo ya giza ni ya kwenu Unguja. Sisi Pemba wakati ule tulikuwa bado hatujaunganishwa na waya wa baharini kutoka Tanga, tukitegemea majenereta yetu ya dizeli, na kwa mara moja katika maisha yetu tulikuwa na mwanga nyinyi mkiwa gizani. Nakubaliana nawe hata hivyo kuhusu kamera, na mfano ulio bora zaidi ni Singapore.

Mbio zile za tarehe 28 Septemba, za kwanza kufanyika usiku katika langalanga, sisi tuliziona saa tisa mchana mwishoni mwa Ramadhani. Kila mtu anajua kwamba Nelson Piquet mdogo aligonga ukuta kwa makusudi ili mwenzake wa timu, Fernando Alonso, anufaike, na kwamba Massa, aliyekuwa akiongoza, aliondoka kituoni akiburuta bomba la mafuta na kumaliza bila pointi. Mpaka leo Massa ndiye anayetajwa kuwa mdhulumiwa pekee. Lakini Kubica alianza mbio zile katika nafasi ya nne, na gari la usalama, lile linalopunguza mwendo wa magari yote baada ya ajali, lilipotoka na njia ya kuingilia vituoni kufungwa, akalazimika kuingia kujaza mafuta wakati hairuhusiwi, akaadhibiwa kusimama, na akamaliza wa kumi na moja.

Sasa hebu tuchukulie kwamba ukuta haukugongwa na mbio zikaisha kwa mpangilio ule ule wa kuanzia, yaani Massa, Hamilton, Räikkönen, Kubica. Baada ya Fuji, ambako msimamo halisi ulikuwa Hamilton 84, Massa 79 na Kubica 72, tungalikuwa na Massa 89, Hamilton 86 na Kubica 77. Kubica alikuwa nyuma ya kinara kwa pointi 12, na katika dhana yetu angalikuwa nyuma ya kinara mwingine kwa pointi 12 zile zile! Dhuluma ya Singapore ilibadilisha jina la anayeongoza, lakini umbali wa Kubica na kilele haikuugusa hata kwa pointi moja. Kwa mtazamo wangu hili linatuonesha jinsi dhana ya aina hii ilivyo na hila, maana huwezi kumrudishia mmoja haki yake bila kuwarudishia na wengine.

Shabiki wa Safari Rally, Jang'ombe:

Mimi ni mtu wa mashindano ya vumbi zaidi kuliko ya lami, kwa hiyo mnisamehe nikiingia kwa mlango wa pembeni. Katika Safari Rally ya 2021, iliporejea kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, Thierry Neuville wa Hyundai alikuwa akiongoza hadi asubuhi ya siku ya mwisho, kisha kifaa cha kuzuia mtikisiko wa gurudumu la nyuma kikaharibika, na Sébastien Ogier wa Toyota akashinda. Dhana ya pale ni nyepesi, kwani ukikitoa kifaa kimoja kibovu mashindano yote yanageuka. Dhana ya Kubica ni nzito kwa sababu unaitaka bodi nzima ya wakurugenzi ifikiri kinyume na ilivyofikiri.

Na kama ni kumwonea huruma Kubica, mimi naanzia Februari 2011, alipopata ajali mbaya katika mashindano madogo ya rali ya Ronde di Andora nchini Italia, akiwa tayari na mkataba wa kwenda Ferrari mwaka 2012. Hapo ndipo penye swali linaloniumiza. Hata hivyo aliurudia usukani, akatwaa ubingwa wa daraja la pili la rali ya dunia mwaka 2013, akarudi langalanga na Williams mwaka 2019, na Juni 2025 akashinda mbio za saa 24 za Le Mans ndani ya Ferrari ya njano akiwa na Ye Yifei na Phil Hanson.

Mwana wa Kikwajuni:

Nawashukuru nyote. Ndugu wa Jang'ombe, hayo ya Ferrari ni mada yenye kustahiki uzi wake. Nabaki na mbio nne zilizofuata baada ya Montreal, yaani Ufaransa, Uingereza, Ujerumani na Hungaria, ambako Kubica alipata pointi nne, sifuri, mbili na moja, jumla saba, na Hamilton akapata 24. Hapo ndipo msimu ulipoponyoka, na mimi naona ndipo gari lilipoachwa bila matunzo.

Mpemba wa Wete:

Hapo ndipo tunapoachana, ndugu yangu. Kifaa kipya cha gari la langalanga huchukua wiki kadhaa kuchorwa, kupimwa kwenye handaki la upepo na kutengenezwa, kwa hiyo vifaa vilivyotumika Ufaransa tarehe 22 Juni vilikuwa vimeshaamuliwa kabla ya Montreal. Lau sababu ingalikuwa ni kutelekezwa, hali ingalizidi kuwa mbaya kadiri msimu ulivyosonga mbele, ilhali Kubica alimaliza wa tatu Valencia mwezi Agosti, wa tatu Monza mwezi Septemba na wa pili Fuji mwezi Oktoba. Nakubali kwamba Monza ilikuwa na mvua na Fuji ilikuwa na vurumai kwenye kona ya kwanza, lakini gari lililosahauliwa haliwezi kuzitumia nafasi hizo.

Na ukitaka pointi zilizopotea, zitafute Silverstone tarehe 6 Julai. Kulikuwa na mvua kubwa, magari yakiserereka huku na huko, na Kubica akateleza peke yake akatoka kwenye mbio bila pointi hata moja. Nick Heidfeld, akiwa na gari la aina ile ile na timu ile ile, alimaliza wa pili.