Mjadala: Mamlaka ya mzazi juu ya dini na masomo ya mtoto yaishie wapi?

Mleta mada: Wakuu, mzazi ndiye anayemfundisha mtoto kusali kabla hajajua kusoma, na ndiye anayelipa ada. Je, hayo yanampa haki ya kuamua mtoto abaki dini gani na asomee nini? Msimamo wangu: akifikisha miaka 16 uamuzi uwe wake, mzazi abaki mshauri. Nipingeni kwa hoja.

Mwanasheria: Umri mmoja kama huo haumo kwenye mikataba. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 26, linampa mzazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya mwanawe. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 14, unautambua uhuru wa dini wa mtoto mwenyewe, kisha unampa mzazi haki na wajibu wa kumwongoza kadiri uwezo wa mtoto unavyokua. Kuongoza, si kuamuru. Marekani mwaka 1972, katika kesi ya Wisconsin dhidi ya Yoder, Mahakama ya Juu iliwaruhusu wazazi Waamish, Wakristo wanaojitenga na maisha ya kisasa, wasiwapeleke watoto shule baada ya darasa la nane kwa sababu za imani. Jaji Douglas alipinga sehemu ya uamuzi huo: watoto wote wanaohusika walipaswa kusikilizwa kwanza. Naona alikuwa sahihi.

Mpinzani: Hiyo 16 siikubali hata kidogo. Ukimwachia mtoto, marafiki na simu watamwamulia. Tena akiacha hisabati katika umri huo, uhandisi na takwimu vimempita, na kurudi nyuma ni miaka na fedha.

Mshauri wa wanafunzi: Mpinzani ana hoja, ila aigawe. Mzazi ana haki ya kuzuia mlango usifungwe mapema. Kumchagulia mtoto mlango wa kupita ni jambo jingine. Basi hisabati aendelee nayo, lakini asilazimishwe udaktari.

Mkigongana kuhusu kozi, wekeni mezani matokeo ya mihula minne, maana mtihani mmoja hudanganya. Soma sifa za kujiunga za kozi yenyewe, somo kwa somo. Andikeni kozi tatu: anayoitaka mtoto, unayoitaka wewe, na moja ambayo kila mmoja anaweza kuivumilia. Kisha mtoto akae siku mbili tatu na mtu anayeifanya kazi ile, aone na sehemu yake ya kuchosha. Alama zikiwa chini, pitia madaftari ujue zilipoanzia kushuka. Kama alikwama kwenye uwiano au milinganyo, masomo ya ziada yatasaidia. Kama anaelewa ila hataki, masomo ya ziada yatakula fedha bure, na hapo ndipo wazazi wengi hukosea kwa kuongeza saa badala ya kuuliza sababu.

Mpinzani: Sawa kwa masomo. Na imani je? Huko hakuna madaftari ya kupitia.

Mshauri wa wanafunzi: Mwanasosholojia Vern Bengtson alizifuatilia familia za Marekani tangu 1970, kwa zaidi ya miaka 30. Aliona imani hupita vizuri zaidi pale mtoto anapohisi ukaribu wa mzazi, hasa baba. Baba mshika dini aliye mbali na wanawe hupitisha kidogo. Kwa hiyo tenganisha kuhudhuria na kukiri. Kuhudhuria ibada pamoja ni utaratibu wa nyumba, unaweza kuudai. Kipaimara, nadhiri au tamko lolote la imani mbele za watu, usilidai. Na usitishie kukata ada: mtoto atasali mbele yako, mashaka yake atayapeleka kwa wengine, nawe utakuwa wa mwisho kuyajua.

Mleta mada: Naiondoa ile 16. Lakini mtoto akisema hataki hata kuhudhuria, na wadogo zake wanamtazama, mzazi afanyeje? Hapo bado sijashawishika.