Farasi wawili wameingia stoo ya mahindi usiku, wanaonekana wazima. Nimuite daktari au nisubiri?

MtunzaFarasi – Jumanne, saa 12:35 asubuhi

Wakuu, habari za asubuhi. Nipo Mufindi, mbele kidogo ya Mafinga, kwenye shamba la bosi wangu. Tuna farasi watatu wa kupanda. Leo saa 11 alfajiri nimekuta wawili wako ndani ya stoo, mlango umefunguka wenyewe. Gunia la mahindi limechanwa, pumba zimemwagika kila mahali. Nikikadiria wamemaliza debe zima la mahindi, labda na nusu, pumba sijui. Ngao ni dume tuliyemhasi, ndiye mlafi. Asali ni jike. Siku zote kila mmoja anapata kilo mbili tu na nyasi kavu.

Nimewatoa na kuwarudisha bandani. Wako poa kabisa, Ngao hata anagonga ndoo anataka aongezwe. Bosi yuko safarini na simu yake haipatikani. Daktari anayejua farasi yuko Iringa mjini, kama kilomita 80. Nikimwita kumbe hakuna kitu, hela yake itatoka kwenye mshahara wangu. Nisubiri nione?

Mzee_wa_Uyole – saa 12:52 asubuhi

Kijana usihangaike. Mimi nafuga ng'ombe wa maziwa hapa Uyole tangu hujazaliwa. Ng'ombe akivamia mahindi unayeyusha magadi kwenye maji, unachanganya na mafuta ya kula nusu lita, unamnywesha kwa chupa ya soda, halafu unamtembeza mpaka abeue. Akivimba ubavu wa kushoto, unatafuta mtu anayejua kutoboa. Nimeokoa wengi.

Dkt_Mama_Kwato – saa 1:04 asubuhi

Shikamoo mzee wangu. Kwa ng'ombe nakuelewa. Ila MtunzaFarasi, mdogo wangu, tafadhali weka hiyo chupa chini kabla hujaigusa.

Farasi hacheui na hatapiki. Akishashiba kupita kiasi hana njia ya kurudisha, na tumbo lake ni dogo kuliko umbo lake, lita 8 mpaka 15 hivi. Mahindi yakilowa humo yanavimba, na tumbo la farasi linaweza kupasuka kabisa. Mafuta ukimnywesha kwa chupa yanakwenda mapafuni, na hapo utamuua kwa nimonia wakati tumbo lingepona. Mafuta ya parafini ya kunywa (si mafuta ya taa) tunayatumia, ndiyo, lakini yanapita kwenye mpira wa puani unaofika tumboni, na anayeupitisha awe anajua anachofanya. Na kutoboa ubavu, sahau. Ukitoboa utumbo wa farasi uchafu unamwagika ndani.

Sasa hilo la "wako poa". Farasi anachachushia nyasi kwenye utumbo mpana, kule nyuma kabisa. Chukulia ni pipa. Wanga wa mahindi ukiwa mwingi haumalizwi kusagwa kwenye utumbo mwembamba, unamwagikia kwenye lile pipa. Vijidudu vinavyopenda wanga vinazaliana, vinatoa asidi, wale vijidudu wa nyasi wanakufa, na sumu yao inapenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Tumbo linaweza kuanza kuuma baada ya saa chache. Kwato zinachelewa zaidi: mara nyingi ni kati ya saa 16 na 72 tangu ale. Ile nyama laini inayoshikilia mfupa ndani ya kwato inavimba na kuachia. Ukishaona anachechemea, uharibifu umekwisha anza.

Kwa hiyo piga simu Iringa sasa hivi. Mshahara mtajadili baadaye.

Wakati unamsubiri: ondoa chakula chote, hata nyasi, mpaka daktari aseme. Maji waachie. Usiwapande wala usiwakimbize. Weka sikio nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, hesabu mapigo ya moyo kwa nusu dakika, zidisha mara mbili, uniandikie hapa. Farasi mzima aliyetulia ana 28 mpaka 44. Angalia na ufizi una rangi gani.

Bibi_Kuku_Njombe – saa 1:11 asubuhi

Samahani kuingilia, mimi nafuga kuku Njombe. Kwenye hiyo stoo kulikuwa na chakula cha vifaranga?

MtunzaFarasi – saa 1:20 asubuhi

Ndiyo dada, mke wa bosi ana kuku. Kwani kina nini?

Dkt_Mama_Kwato – saa 1:23 asubuhi

Dada umenipita, hilo lilitakiwa liwe swali langu la kwanza. Baadhi ya vyakula vya kuku vina dawa ya kuhara damu inayoitwa monensini. Kuku inamsaidia, ila farasi inamuua kwa kiasi kidogo sana, inashambulia misuli na moyo. Kama wamekigusa, matibabu yanabadilika kabisa. Kimbia kaangalie mifuko.

Punda_Isimani – saa 1:26 asubuhi

Jamani. Na punda je? Mimi huku Isimani namchanganyia wangu mabaki ya chakula cha kuku kila Jumapili, anakipenda.

Dkt_Mama_Kwato – saa 1:27 asubuhi

Punda ni ndugu wa farasi, kaka. Acha kuanzia leo.

MtunzaFarasi – saa 1:41 asubuhi

Mifuko ya kuku miwili iko juu ya rafu, nyuzi zake hazijakatwa. Hawajagusa. Daktari wa Iringa nimempata, anasema anatoka sasa. Mapigo: Asali 44, Ngao 56. Ufizi wa Asali ni waridi, wa Ngao umeiva wekundu. Ngao ameacha kugonga ndoo, anageuka kutazama ubavu wake.

Dkt_Mama_Kwato – saa 1:45 asubuhi

56 kwa farasi aliyesimama tu bandani siipendi. Weka sikio ubavuni, kulia na kushoto, juu na chini. Unatakiwa usikie kunguruma kama radi ya mbali. Na nahitaji saa kamili. Uliwakuta saa 11, waliingia saa ngapi?

MtunzaFarasi – saa 1:58 asubuhi

Ubavu wa kulia wa Ngao kimya.

Daktari, na kuhusu muda, ngoja niseme ukweli. Mlango haukufunguka wenyewe. Jana jioni nilitoa pumba, nikarudishia mlango bila kupiga komeo, baridi ilikuwa kali nikakimbilia moto. Halafu saa sita usiku nilisikia kitu kinagongagonga kule stoo. Nikajua ni panya au upepo, nikajifunika blanketi. Naona ndio walikuwa wao.

Fundi_wa_Makambako – saa 2:03 asubuhi

Panya gani anagonga stoo kama farasi, wewe kijana ulikuwa umelewa ulanzi.

Dkt_Mama_Kwato – saa 2:06 asubuhi

Muacheni. Hiyo saa sita ndiyo taarifa nzuri kuliko zote alizotupa leo. Kwa hesabu ya kwanza tulikuwa na saa 3 tangu wale, kumbe tuko kwenye saa 8. Mdogo wangu, mwambie hivyo hivyo daktari akifika, usimpe ile hadithi ya mlango. Na tusisubiri kwato zipate moto, tuanze barafu sasa kwa wote wawili.

Miguu yote minne, kwato mpaka juu ya kifundo, ndani ya maji yenye barafu, bila kukatisha, saa 48 mpaka 72. Barafu ikiyeyuka unaongeza, usiku na mchana. Inapunguza damu yenye sumu inayoingia kwatoni na inatuliza ule uvimbe kabla haujaanza. Tunalenga kwato ziwe chini ya nyuzi 10.

Mzee_wa_Uyole – saa 2:15 asubuhi

Daktari nimekusikia, nimejifunza. Lakini Mufindi mwezi wa saba asubuhi umande unaganda kwenye nyasi. Si awasimamishe mtoni tu?

Dkt_Mama_Kwato – saa 2:19 asubuhi

Mzee, kama mto uko karibu na chini hakuna mawe, wasimame huko wakati barafu inatafutwa. Ni bora kuliko kukaa bure. Ila Ngao anaumwa tumbo, akiamua kulala na kugaagaa majini tutakuwa na msiba mwingine.

MtunzaFarasi – saa 9:10 alasiri

Daktari alifika saa 4. Alimpitishia Ngao mpira puani, na kabla hajamwaga chochote yakarudi yenyewe, maji maji na punje za mahindi, harufu kama pombe ya komoni iliyolala siku mbili. Yalijaa ndoo karibu mbili. Akasema tungempa mafuta kwa chupa asubuhi tungekuwa tunachimba shimo sasa hivi. Alipomsafisha Ngao alishusha kichwa kama mtu aliyetua mzigo. Asali kwake hayakurudi, akamwekea parafini na unga wa mkaa wa dawa. Ngao ametundikiwa dripu. Wote wamechomwa sindano ya fluniksini, dawa ya maumivu na uvimbe.

Barafu nimepata Mafinga kwa muuza samaki, na zile za mifuko midogo wanazonunua watoto wa shule nimezimaliza maduka matatu. Kwa kuwa farasi hakai ndani ya ndoo nne kwa wakati mmoja, daktari amekata mpira wa ndani wa tairi la lori, tunaufunga chini kwa kamba, tunajaza barafu kwa juu. Anaonekana amevaa buti.

Fundi_wa_Makambako – saa 9:30 alasiri

Haya, hapo kwenye buti nimecheka. Pole mdogo wangu, asubuhi nilikuwa mkali. Mpira ukipasuka niambie, gereji ninayo ya kumwaga, basi la jioni litakushushia.

MtunzaFarasi – Jumatano, saa 11:20 alfajiri

Sijalala. Asali anataka kula, mapigo 40, amekunya vizuri. Ngao mapigo yameshuka 48 lakini anahamisha uzito, mguu wa mbele wa kushoto, wa kulia, wa kushoto. Nikimwambia ageuke anasita. Nimeshika nyuma ya kifundo, mshipa unadunda kwenye kidole kabisa. Nimtembeze apate joto? Au nimpe diklofenaki zangu za mgongo?

Dkt_Mama_Kwato – saa 11:34 alfajiri

Hapana na hapana. Kila hatua anayopiga sasa inavuta ile nyama inayoachia mfupa. Vidonge vyako vitamchubua tumbo ambalo tayari lina majeraha. Mpigie daktari wako sasa hivi, kipimo cha dawa ya maumivu kipangwe naye. Barafu iendelee.

Uko Mafinga, kwenye viwanda vya mbao. Jaza maranda makavu bandani, marefu mpaka kwato zizame, akitaka kulala alale. Na yale maboksi meupe ya kubebea samaki, uliza yule muuza barafu wako. Daktari akikubali, mnakata kipande cha ukubwa wa kwato, mnakifunga chini kwa utepe wa gundi, kinakuwa godoro lake. Kikibonyea mnaongeza kingine.

Bibi_Kuku_Njombe – saa 1:15 asubuhi

Na wewe mwenyewe kula, mdogo wangu. Mtafute mtu wa kupokezana naye.

MtunzaFarasi – Jumatatu, saa 12:10 jioni

Wakuu naomba mnisamehe kwa ukimya. Barafu tulifikisha siku tatu, nikipokezana na mlinzi. Asali yuko malishoni kama hakuna kilichotokea. Ngao anakula nyasi kavu tu, mshipa umetulia, ila akikata kona kwenda kushoto bado anakanyaga kama mtu aliye pekupeku kwenye kokoto. Daktari ameagiza picha ya eksirei ya kwato kuona kama mfupa umeshuka, na mtengeneza kwato atakuja baada ya hapo. Haijulikani kama atapandwa tena.

Bosi amerudi jana. Nilimweleza yote, mpaka lile blanketi. Hakusema neno, alikwenda bandani akasimama na Ngao muda mrefu. Leo ametoka Mafinga na kufuli jipya. Ufunguo kaniachia mimi.

Punda_Isimani – saa 12:40 jioni

Wangu ana wiki sasa bila chakula cha kuku, kaninunia.

Dkt_Mama_Kwato – saa 1:05 usiku

Atazoea. MtunzaFarasi, hata konzi ya pumba usimpe Ngao, hata akikugongea ndoo usiku kucha. Nirekodie video akigeuka kushoto kwenye ardhi laini, taratibu, hatua nne tu, uitume leo.